Daktari Asiyemwaga Damu

Baridi ya Julai ilikuwa imeibana Iringa, watu wanasalimiana huku wamefumba midomo nusu, na asubuhi hiyo, ndani ya kliniki yake ya Kihesa, daktari Tupokigwe alikuwa anamdanganya mtoto.

"Hii siyo sindano," alimwambia. "Haya ni maji ya usingizi. Jino lako limekesha, limechoka. Tunalipa maji lilale. Wewe usilale, kazi yako ni kulisikiliza linavyokoroma."

Msichana wa darasa la pili, aliyekuwa ameingia aking'ang'ania sketi ya mama yake, alilegeza shingo ili asikilize. Sindano ikaingia kwenye ufizi, vidole vya miguu vikajikunja ndani ya soksi, kisha vikajikunjua. Baada ya muda koleo likaingia na kutoka, na gego bovu likalia kwenye trei. Mama yake akashangaa, maana mtoto huyohuyo alikuwa amemng'ata mkono daktari wa kwanza waliyemwendea. Tupokigwe akacheka tu, akaenda kunawa.

Ndivyo kliniki ile ilivyojipatia jina. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, mumewe Masunga akikaa mapokezi, muuguzi Violet akichemsha vyombo, na kiti kimoja cha meno kilichokuwa kinagoma kupanda siku za baridi. Hata hivyo watu walizipita kliniki zenye vioo na vigae wakaleta watoto wao hapo. Kusema kweli Tupokigwe alikuwa hodari wa uongo mdogo mdogo, na hakuuonea haya. Panya huuma huku akipuliza, na yeye aliona afadhali hivyo kuliko wale wanaouma bila kupuliza. Shida ya uongo ni kwamba ukiuzoea mdogo, mkubwa nao unakuja unabisha hodi, na wewe unaufungulia kwa sababu sura unaijua.

Ule mkubwa ulikuja na meno ya plastiki. Hakuna daktari wa meno nchini ambaye hajachoshwa na neno hilo. Mtoto mchanga akipata homa, akaharisha, watu wanamfunua mdomo, wanaona ufizi umevimba na kupauka pale chonge linaposubiri zamu yake, na hukumu inatoka: plastiki hizo, zisipotolewa mtoto anakufa. Na hakosekani mzee au bibi mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa. Anachimba ufizi, anatoa kitu cheupe, laini, kidogo, ambacho ni jino lenyewe la mtoto kabla halijakomaa. Mtoto aliyekwenda na ugonjwa mmoja anarudi na miwili.

Tupokigwe alipigana na neno hilo kwa miaka. Alibandika picha ukutani, akachora, akafoka. Akina mama walimjibu ndiyo daktari, asante daktari, kisha wakavuka barabara kwenda sokoni kwa mzee mwenye spoku. Wengine walirudi na watoto wenye taya lililooza. Wengine hawakurudi, na hao ndio waliomnyima raha.

Siku moja, mama mmoja akiwa amekwisha kusimama aende huko sokoni, uvumilivu ulimwishia. Alimwita arudi. Aliingia chumba cha nyuma, akafungua hotpoti ya chakula chake cha mchana, akachukua punje mbili za wali, akazidondoshea ile dawa nyekundu wanayopakwa watoto wa shule ili waone mahali walipoacha uchafu kwenye meno. Alimfunua mtoto mdomo, akapangusa ufizi kwa pamba, akatoa zile punje. "Hizi hapa," alisema. "Lakini zimeacha sumu tumboni, na sumu hiyo inatolewa hospitali. Nenda leo leo." Yule mama alikwenda mbio. Mtoto aliwekewa dripu, akapona.

Basi ikawa ndiyo njia. Hospitali ilitibu, na sifa zikaja Kihesa. Walimwita daktari asiyemwaga damu. Violet hakuipenda kazi hiyo, na kila alipoishika ile trei alielekeza uso dirishani. Masunga yeye alisema, "Kama wanapona, tatizo liko wapi?" Tupokigwe alikuwa na jibu la swali hilo, akakaa nalo.

Kabla ya saa sita ya siku ile ya baridi, mama mkwe wake alitokea mlangoni.

Alitangulia yeye, bibi Kalista, mrefu na mkavu, shuka limemzunguka mabegani kama wafugaji wa kwao wanavyojifunga. Nyuma yake alikuwa Happy, mdogo wake Masunga aliyeolewa Nyololo, amembeba mwanawe Nashoni ndani ya blanketi. Walikuwa wametoka Nyololo na basi la alfajiri.

Tupokigwe alishtuka. Mama mkwe alikuwa hajakanyaga Kihesa tangu mjukuu wake wa kwanza alipokuwa mchanga. Wakati ule alikuja kutoka bonde la Usangu na kuku na mchele, akampakata mtoto, akamfunua mdomo, akalitamka lile neno. Tupokigwe, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza uzazi, alimwambia akimgusa mtoto atampeleka polisi. Bibi alifunga mzigo wake alasiri hiyohiyo. Masunga hakumlaumu mkewe, ila tangu hapo alizungumza na mama yake kwa simu akiwa uani.

"Shikamoo mama," alisema Tupokigwe akipiga goti kidogo.

"Marahaba, daktari." Alilitamka hilo daktari kama mtu anayeonja mboga. "Nimesikia siku hizi umekubali."

"Nimekubali nini, mama?"

"Hii meno. Huko kwetu watu wote wanasema, mke ya Masunga anatoa hii plastiki na damu haionekani. Mimi nikawaambia, huyu si ndiye alitaka kunifunga jela?" Akacheka, bila kinyongo hata chembe. "Nikasema, Mungu mkubwa. Mtoto ya Happy akishikwa, nampeleka kwa mwenyewe."

Tupokigwe alimpokea Nashoni akalifunua blanketi. Hakuhitaji kuangalia mdomoni. Utosi ulikuwa umebonyea, ulimi mkavu, na alipoivuta ngozi ya tumbo ikabaki imesimama, ikarudi kwa uvivu. Mtoto alikuwa analia bila machozi.

"Tangu lini anaharisha?"

"Leo siku ya tatu, wifi," alisema Happy. "Na kutapika."

"Ananyonya?"

"Anashika, anaachia."

"Na maji? Unampa maji?"

Alijibu mama mkwe. "Maji nimekataza. Mtoto anatoa maji, wewe unaongeza maji? Unajaza debe limetoboka?"

"Mama, huyu ni wa hospitali. Sasa hivi, siyo baadaye."

Uso wa bibi Kalista, uliokuwa umefunguka tangu mlangoni, ulifungika. Alimtazama mwanawe Masunga aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti, kisha akamtazama mkwewe.

"Kwa hiyo watoto ya watu unatoa. Damu ya mume wako ndiyo hutoi."

"Siyo hivyo, mama."

"Basi. Happy, beba mtoto. Kule Nyololo kuna mzee ana mkono mwepesi. Nilimkataa kwa sababu ya huyu. Nilijua nimepata mkwe."

"Tupo," alisema Masunga kwa sauti ya chini, na katika sauti hiyo mlikuwa na ile miaka yote ya kuongea na simu uani. "Fanya basi. Ni dakika moja. Halafu wanaenda hospitali, nawatafutia bajaji mimi mwenyewe."

Tupokigwe alimwona Nashoni chini ya ile spoku. Aliuona pia mkono wa mama mkwe ukilikusanya blanketi. "Violet," aliita, "niletee trei ya watoto."

Violet alijua maana yake. Alikwenda chumba cha nyuma, mfuniko wa hotpoti ukasikika, akarudi na trei, akaangalia dirishani.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Bibi Kalista alizipokea zile punje juu ya pamba, akazisogeza mwangani, akazitazama kwa chuki kama mtu aliyeshikiwa mwizi wake. Machozi yakamtoka. "Hii ndiyo ilikuwa inamaliza mtoto wangu," alisema. Kisha akamshika Tupokigwe mkono kwa mikono yake yote miwili, mikono migumu ya kupalilia mpunga, na akamwita jina ambalo hajawahi kumwita. "Ng'wanone," alisema. Mwanangu.

Na Tupokigwe alifurahi. Ni lazima isemwe, kwa sababu baadaye ndicho alichoshindwa kujisamehe. Mtoto yuko mbele yake amekauka, na yeye alifurahi kuitwa mwana.

"Mama, sikiliza," alisema. "Meno yametoka, lakini yameacha sumu tumboni. Sumu hiyo inatolewa hospitali, kwa maji ya mshipa. Mwende moja kwa moja kutoka hapa."

"Sumu, naam," alisema bibi Kalista, akitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua. "Sumu yake najua."

Tupokigwe alitaka kumvuta Happy kando amnong'oneze mawili matatu. Lakini mama mkwe alikuwa amemshika Happy kiwiko, na kwenye kiti alikuwa ameketi mvulana aliyemchoma kabla wageni hawajaingia, ganzi imeshamwingia, shavu moja limelegea, anamwita daktari aje aone jino limelala. Masunga alisimamisha bajaji. Tupokigwe aliiona ikikunja kona ya Kihesa, akamgeukia mvulana.

Jioni, wakiwa mezani, simu ya Masunga iliita. Alizungumza Kisukuma, kwa mara ya kwanza bila kutoka kwenda uani, akicheka cheka. Tupokigwe alisimama na sahani mkononi akisubiri. Kisukuma chake kilikuwa cha salamu tu. Yeye kwao Tukuyu, Mnyakyusa.

"Wamefika salama," alisema Masunga akiiweka simu mezani. "Mtoto amelala."

"Wamemlaza wodi gani?"

"Hakusema. Chaji ilikuwa inamwishia." Akajimegea ugali. "Mama anakusalimia. Anasema wewe ni mtoto wake sasa."

Tupokigwe aliketi, akala vizuri. Neno moja la Kiswahili lilikuwa limewapita mezani bila mtu kuligeuza: Masunga alisema mtoto amelala, naye, mtu wa wodi na vitanda, akasikia amelazwa. Mume hakusahihisha, kwa kuwa naye hakuona tofauti. Alidhani hospitali ndiko walikofika. Angetaka wafike wapi pengine?

Asubuhi alichemsha uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akachukua na khanga mbili za Happy kujifunika, akaenda hospitali kabla ya kufungua kliniki. Kwenye wodi ya watoto alimkuta muuguzi mtu mzima, miwani juu ya kichwa.

"Nashoni," alisema Tupokigwe. "Nashoni Gideon. Miezi saba. Aliletwa jana mchana, kuharisha."

Muuguzi alitazama vitanda vyake, akatazama tena. "Huyo hatuna."

"Labda wamemwandika kwa jina la bibi yake."

"Dada, watoto wa jana wote nawajua, nimewachoma mwenyewe. Hakuna Nashoni." Akaishusha miwani. "Samahani, wewe si ndiye yule wa meno, wa Kihesa?"

"Ndiyo mimi."

"Ahaa. Tunawapata watoto wako. Mama anaingia, ukimuuliza mtoto anaumwa nini, anasema amekuja kutolewa sumu. Sumu gani? Anasema daktari wa Kihesa anaijua." Hakusema kwa ubaya, na hilo lilizidi kuuma. Wauguzi wawili vijana walikuwa wameacha kutandika wakawa wanasikiliza. "Sisi tunatibu tu, tufanyeje. Lakini wapo wanaoniambia tukichelewa na foleni wanarudi nyumbani, maana meno si yameshatoka."

Tupokigwe alitoka na chupa yake ya uji. Nje alipiga simu ya Happy, ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena. Ikapokelewa na Gideon, mume wa Happy, fundi wa mashine ya kupasua mbao.

"Shemeji," alisema Gideon.

"Gideon, mko wapi? Niko hospitali hapa, sioni mtu."

"Hospitali ya nini tena, shemeji. Tuko nyumbani Nyololo. Walirudi jana hiyohiyo na basi." Nyuma yake wanawake walisikika wakiimba. "Nashoni katuacha. Alfajiri ya leo."

Mlinzi wa geti alimwona mama aliyevaa vizuri akikaa chini kwenye ukingo wa mtaro, akamletea kiti cha plastiki, akadhani ni mmoja wa wafiwa wa hapo ndani. Hakukosea sana.

Walikwenda msibani na gari lao dogo, lililotoka gereji asubuhi hiyo. Walipita Ifunda. Mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, mabua yamesimama makavu pande zote mbili za barabara.

"Alimwambia dereva wa bajaji awapeleke stendi," alisema Masunga mwishowe. "Nimemuuliza mama. Anasema hospitali hawaijui sumu ya meno, watawagombeza tu. Yeye dawa yake alikuwa nayo nyumbani."

"Nilimpa mimi hiyo njia."

"Ulimwambia aende hospitali. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilimwambia ni sumu ya meno, Masunga. Kama ni sumu ya meno, mama yako ana haki ya kuijua kuliko daktari yeyote. Ningesema mtoto kaishiwa maji, asingekuwa na dawa ya hilo."

Masunga aliendesha kwa muda. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku hiyo ulikuwa mzigo. "Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Ukifika usiseme. Ukisema ulikuwa wali, unamuua mama. Atajiona yeye ndiye. Na Happy je? Na kule Kihesa watu wakisikia, nani ataleta tena mtoto kwetu? Tuzike. Tulie kama watu. Hata ukisema, Nashoni harudi."

Kila alilosema mumewe lilikuwa kweli, na Tupokigwe alilichukia moja moja.

Nyololo ilikuwa na upepo. Nyumba ya Gideon ilikuwa nyuma ya maduka ya barabara kuu, na malori ya Zambia yalipopanda gia sauti ilimeza maombi ya mchungaji. Walimzika Nashoni kwenye makaburi ya ukoo wa Gideon, kaburi fupi, vijana wawili wakalimaliza kulichimba bila kupokezana. Baada ya hapo wanaume walirudi kwenye moto wao, na wanawake wakaingia ndani, wakakaa kwenye mikeka.

Happy alikuwa ameegemea ukuta, khanga imemfunika hadi kwenye paji. Maziwa yalikuwa yanamtoka, na sehemu ya mbele ya gauni ilikuwa imelowa. Alipomwona Tupokigwe alimpa mkono bila nguvu. "Umekuja, wifi," alisema. Tupokigwe akakaa karibu yake, akalia, na akina mama wa Nyololo wakampigapiga mgongo wakisema pole daktari, pole sana, wewe ulijitahidi.

Walijua alijitahidi kwa sababu bibi Kalista alikuwa anasimulia. Kila aliyeingia na kutoa pole aliipata habari yote upya. "Huyu hapa mkwe wangu," alisema akimwonyesha. "Asimseme mtu. Meno alitoa mbele ya macho yangu, mbili, na damu yake. Ingekuwa siyo yeye, mtoto angekufa kwa mateso. Sumu ndiyo ilitangulia. Mimi nimempa dawa ya sumu, maji nikafunga kabisa, hata tone, asizidi kuharisha. Mungu kampenda kuliko sisi."

Kila mara Tupokigwe aliposikia lile "hata tone", alifumba macho. Alijiambia Masunga anasema kweli. Alijiambia watu wanazika siri kubwa kuliko hii na nyumba zao zinasimama. Pengine angeyameza yote, akarudi Iringa, akafungua kliniki Jumatatu kama kawaida, kama jirani mmoja aliyeitwa Faustina asingeingia na mtoto wake.

"Kamwene," Faustina alisalimia mlangoni, akavua ndala. Alikuwa msichana mdogo bado, mtoto wake wa kwanza. Alitoa pole kwa Happy, akatoa pole kwa bibi, kisha akasita, akapiga magoti mbele ya Tupokigwe.

"Daktari, nisamehe, najua ni msiba. Ila huyu naye ameanza jana. Homa na kuharisha. Bibi amemfunua, anasema ziko mbili juu. Nikasema maadam daktari mwenyewe yuko hapa."

"Mtolee, ng'wanone," alisema bibi Kalista kwa upole. "Usiogope. Mtoe huyu angalau apone."

Wanawake wakasogea kumpa nafasi. Mmoja akaenda kutafuta kibakuli cha maji safi. Mtoto wa Faustina alimtazama Tupokigwe kwa macho makubwa, akapiga chafya.

"Sina cha kutoa," alisema Tupokigwe.

"Vyombo hukuja navyo?" aliuliza Faustina.

"Hakuna meno ya plastiki. Hayapo. Hata Nashoni sikumtoa kitu." Alimgeukia mama mkwe. "Mama, ulikuwa wali. Punje mbili za wali kutoka kwenye chakula changu, nimezitia dawa nyekundu. Nilikudanganya ili uende hospitali."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke wa kibakuli alisimama nacho mlangoni. Mama mmoja mzee wa upande wa Gideon alitikisa kichwa, akasema, "Uchungu huo. Uchungu unamsemesha. Mpeni maji anywe."

"Mimi niliona," alisema bibi Kalista. "Nilishika mkononi."

"Ulishika wali, mama."

Hapo Happy aliivua ile khanga usoni. Alikuwa na macho makavu.

"Wifi, ulipomfunua Nashoni ulijua ana nini?"

"Nilijua."

"Ulijua maji yamemwisha?"

"Nilijua, Happy."

"Nilikuwa nimesimama pale. Karibu hivi." Alionyesha kwa mkono. "Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, wifi. Ungenikonyeza tu. Ungeniambia kwa Kiingereza, ungeniandikia kwenye simu, chochote. Ningempa maji njiani. Ningemwibia mama nikampa." Akaukunja ukingo wa khanga. "Nilikuwa na chupa ya maji kwenye mkoba. Nilikunywa mimi, kwenye basi."

Tupokigwe alitaka kusema habari za mvulana aliyekuwa kwenye kiti, za ganzi, za kiwiko kilichokuwa kimeshikwa. Zote zilikuwa kweli, na hakuna hata moja iliyofaa kutoka mdomoni. "Nisamehe," alisema.

Happy alimwashiria Faustina, akampokea mtoto, akampapasa utosi, akamtia kidole mdomoni. "Huyu bado ana mate," alisema. "Anashika vizuri. Mnyonyeshe, na kila akiharisha mnyonyeshe tena, asikukataze mtu. Gideon." Aliita kwa nguvu, mara ya kwanza siku hiyo. Gideon akatokea mlangoni na kofia mkononi. "Tafuta gari. Huyu aende hospitali Mafinga sasa hivi."

"Gari yetu ipo," alisema Tupokigwe akiinuka. "Nitampeleka mimi."

"Ataendesha kaka. Wewe kaa," alisema Happy. "Usimguse mtoto wa mtu. Kaa hapo na mama, umweleze mpaka aelewe. Mimi nitakwenda na Faustina."

"Una msiba, mwanangu," alisema yule mama mzee. "Mfiwa haondoki mkekani."

"Nimeshakaa siku nzima," alisema Happy. Alijifunga khanga juu ya gauni lililolowa, akavaa ndala za mtu, akatoka. Masunga alikuwa ameshafika mlangoni, amesikia, maana nyumba nzima ilisikia. Alimtazama mkewe mara moja, akatoa funguo mfukoni, akamfuata dada yake.

Wanawake wengine nao walianza kuinuka mmoja mmoja, wakikumbuka sufuria jikoni na kuni za kukusanya, mpaka mkekani wakabaki mama mkwe na mkwewe. Gari liliwaka nje, likaingia barabara kuu.

Bibi Kalista alikuwa anavitazama viganja vyake. Hakuonekana kukasirika, na Tupokigwe angependa akasirike, amtukane, amfukuze kama yeye alivyofukuzwa.

"Wali," alisema mzee.

"Ndiyo, mama."

"Sasa ile maji." Alikuwa anatafuta maneno kwa Kiswahili, lugha isiyo yake, na alitaka ayapate sawasawa. "Ile maji mimi nilikataza. Ningempa, angepona?"

Tupokigwe alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Angeweza kusema ni Mungu. Angeweza kusema mtoto alikuwa amekwisha chelewa toka Nyololo, na mzee angemwamini, angelala usiku. Alimtazama usoni.

"Angepona, mama. Na mimi ningekuambia kweli, ungempa."

Bibi Kalista alitikisa kichwa taratibu, akionyesha amesikia. Kisha akalikusanya shuka lake, akainuka kwa kushika ukuta, akaenda kukaa kona ya pili ya chumba, akaugeuza uso ukutani.